Bahari ya Sebuleni

Samaki wa kwanza alikutwa amekufa asubuhi, na Severina akamficha kabla mama yake hajatoka chumbani. Alikuwa yule wa buluu, mdogo kama kidole gumba, anaelea juu ya maji ubavu ubavu. Severina akamtoa kwa upawa, akamfunga kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki chini ya cherehani, akaenda kumfukia nyuma ya jiko. Aliporudi, mwingine alikuwa ameshapanda juu, mdomo wazi, anahema kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo.

"Usife," Severina akamwambia kupitia kioo. "Leo usife. Ukitaka kufa, kufa wiki ijayo, nitakulilia. Leo hapana."

Maana siku yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo. Mjomba Dastani alikuwa njiani kutoka Makote, anakuja kutoa jawabu.

Na kwao jawabu la mjomba ndilo jawabu. Baba anaweza kuwa hai au awe marehemu kama alivyokuwa baba yake Severina, lakini binti akiposwa, watu hawaulizi baba amesemaje. Wanauliza mjomba wake amesemaje. Mjomba Dastani alikuwa amesema tangu mwanzo, mbele ya wazee, wala hakuzunguka.

"Kijana simkatai. Ana adabu, ametoka Lulindi, baba yake mwalimu wa misheni, tunawajua. Lakini kwetu mwanaume anakuja kukaa kwa mkewe. Analima, anajenga, tunamwona asubuhi na jioni. Huyu kazi yake iko baharini. Mtu wa baharini atakaa vipi Newala, ambako hata maji ya kunawa uso tunayafuata bondeni?"

Anderson, kijana mwenyewe aliyeposa, alikuwa wa damu moto. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye akili alikuwa ameshika biashara yake: huyu mitumba, yule korosho, mwingine redio za betri. Yeye alikwenda Mtwara akaangukia kazi ambayo watu walipoisikia walidhani ni uongo. Alikuwa anavua samaki wadogo wa rangi rangi, wazima, si wa kula. Kuna mzungu alikuwa anawanunua na kuwapakia kwenye ndege, wakafugwe kwenye majumba ya watu Ulaya, ndani ya matangi ya kioo. Basi aliposikia neno la mjomba akajibu hapo hapo:

"Bahari yenyewe nitaileta hapa, mjomba. Ikiweza kuishi Newala, na mimi nitaishi."

Wazee wakacheka. Mjomba akacheka pia, lakini macho yake hayakucheka.

"Ilete. Korosho zikianza kuanguka nitakuja kuitazama. Nikiikuta hai, tutazungumza. Nikiikuta imekufa, usinisumbue tena."

Akaileta. Tangi la kioo refu kama benchi la shule, likawekwa sebuleni kwa Mama Severina, karibu na dirisha ili lipate jua. Ndani yake mchanga mweupe, mawe ya baharini yenye uhai wake, na ua moja la baharini lenye vidole laini, ambalo si ua bali ni mnyama. Samaki wawili wekundu wenye mistari myeupe walikuwa wanalala katikati ya vidole hivyo. Kulikuwa na kipampu cha hewa kinachotumia betri ya gari, na betri ikiisha nguvu ilipelekwa kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Watoto walifukuzwa kwa fagio.

Sasa korosho zilikuwa zimeanza kuanguka.

Mama Severina alitoka chumbani anajifunga khanga, akasimama mlangoni, pua juu.

"Kuna harufu gani humu?"

"Harufu ya bahari, mama."

"Bahari haikuwa inanuka hivi mwezi uliopita." Akasogea kwenye tangi. Maji yalikuwa ya manjano kidogo kama chai iliyochujwa mara ya pili, na juu yake kulikuwa na povu pembeni. Mawe yalikuwa yameota utando wa kijani. Lile ua lilikuwa limejikunja likawa kama ngumi. "Hawa wanaumwa, Severina."

"Wamechoka tu na joto."

"Mwanangu, mimi nimezaa na nimezika. Naujua ugonjwa nikiuona. Dastani anakuja leo."

"Najua anakuja leo, mama!" Sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. "Naomba unisamehe. Najua."

Dirishani ikapita sauti ya Sikudhani, mama Halfani, jirani yao, mwanamke asiyepita kimya hata akiwa anaumwa jino. "Mama Severina! Hodi za nje tu, siingii. Samaki wameamkaje? Wameshaoga? Maana sisi huku hatujanawa tangu juzi, bomba linakohoa tu kama mzee wa pumu!"

"Wameamka salama, Mama Halfani!"

"Wasalimie! Waambie wanikopeshe ndoo!"

Severina hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani, akawa anamtazama samaki anayehema. Alikuwa amefanya yote aliyoelekezwa. Chakula kidogo, mara moja kwa siku. Kioo kufutwa. Betri kupelekwa mashineni. Sasa kosa liko wapi? Alilipitia jambo moja moja, na kila alipofika kwenye jambo fulani, moyo ulikuwa unalikwepa na kupita pembeni.

Kabla jua halijapanda sana, pikapu ya Mahmudu, mchukuzi wa korosho wa njia ya Mtwara, ikasimama nje. Anderson akaruka kutoka nyuma, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, amekumbatia mifuko ya nailoni iliyojaa maji. Mwezi mzima Severina hakuwa amemwona. Alikuwa amejiahidi kwamba akija atamtazama kwa madaha, kama mtu ambaye hakuhesabu siku. Lakini macho yao yalipokutana hakuweza. Akayainamisha.

"Shikamoo mama," Anderson alisema mlangoni.

"Marahaba, baba. Za safari?"

"Njema. Seve, njoo uone nilichokuletea! Samaki kitatange, wakubwa, wa manjano, mjomba akiwaona atasahau jina lake. Mahmudu anapakia magunia yake ya korosho hapo sokoni, kisha tunageuza leo leo. Mzungu ananisubiri Mtwara. Lakini kwanza tuwatie hawa ndani, mjomba aikute bahari imeja..."

Alikuwa ameliona tangi.

Akaweka mifuko chini polepole. Akapiga magoti, akanusa juu ya maji, akachovya kidole, akalamba. Uso wake ukabadilika.

"Ua lina muda gani limejikunja hivi?"

"Tangu Ijumaa."

"Amekufa yeyote?"

Severina akamtazama mama yake. Kisha akasema, "Mmoja. Nimemfukia."

Anderson akatoa mfukoni kipimo chake, kijiti cha kioo kinachoelea, akakitumbukiza. Kikapanda juu kuliko kawaida, kikasimama kimechomoza shingo. Akakitazama muda mrefu.

"Chumvi imezidi. Imezidi sana. Na maji yamechoka, haya ni mkojo mtupu. Seve, kila Jumamosi ulikuwa unatoa ndoo moja?"

Severina akaanza kufuta kioo kwa kiganja.

"Nilikwambia. Unatoa ndoo moja ya maji ya ndani, unamwaga nje. Unatia ndoo moja kutoka kwenye madumu ninayokuletea. Na maji yakipungua kwa joto tu, unajazia ya mvua, si ya chumvi. Ulikuwa unafanya?"

"Nilikuwa natia."

"Na kutoa?"

Severina akaendelea kufuta pale pale.

"Severina! Na kutoa?"

"Sikutoa."

"Kwa nini?" Sasa alikuwa amesimama. "Kazi ndogo kama hiyo! Mimi nalala ufukweni, nalipa nauli za madumu, naomba watu, ili wewe ushindwe kumwaga ndoo moja ya maji? Ndoo moja! Au hutaki? Sema tu kama umebadilisha mawazo, kuna mnunuzi wa korosho amekupitia hapa na gari lake!"

Mama Severina akainuka, akatoka kwenda jikoni bila kusema neno. Hilo lilimuuma Severina kuliko maneno yenyewe.

"Umemaliza?" akauliza.

"Sijamaliza."

"Basi ishia hapo ulipofika, niseme mimi." Hakuishusha sauti yake. "Wewe umesoma Lulindi, mmekaa karibu na mto. Mimi nimezaliwa hapa juu. Unajua mwanamke wa hapa akirudi bondeni na ndoo, akajikwaa ikamwagika, anafanyaje? Anakaa chini analia. Mtu mzima, mwenye watoto, analia njiani! Sisi tunaosha uso, maji hayo hayo tunaosha miguu, hayo hayo tunamwagia mchicha. Nilichota ile ndoo, Ande. Jumamosi ya kwanza niliichota, nikaifikisha pale mlangoni. Majirani walikuwa wanapita na ndoo tupu. Mkono ukakataa. Nikarudi nayo ndani, nikaimimina tena. Na maji ya mvua, yale ya kujazia, yamebaki kwenye mtungi tu, birika la kukingia mvua limekauka. Nikasema haya ni ya kunywa mama. Samaki wa chumvi nitawapa maji ya chumvi. Nilidhani nawatunza."

Anderson akainama, akakichomoa kipimo majini.

"Na jingine," Severina akaendelea, maana sasa lilikuwa limetoka. "Ulipolileta tangi hili uliniambia nini? Uliniambia maji haya yanabeba samaki watano, sita, basi. Wakizidi wanalishana uchafu wao wenyewe. Mwezi uliopita ukamtuma Mahmudu na wengine. Leo umekuja na wengine tena! Hawa wa ndani wanakata roho, wewe unataka kuwaongezea wageni. Unamtafutia nani sifa, Ande? Mimi sikuomba kitatange."

Kipampu kilikuwa kinapiga mapovu yake, tutu, tutu, tutu.

Anderson akakaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta. Alipoongea, ile sauti ya ubishi ilikuwa imemtoka.

"Nilitaka aone wengi. Niliogopa akiona watano tu atasema, bahari gani hii yenye watu watano."

"Sasa atakuta maiti."

"Nisamehe lile la mnunuzi wa korosho."

"Sijakusamehe. Nitakusamehe baadaye. Sasa tunafanyaje?"

Akamtazama. Kuna kutazamana kwa watu wanaopendana ambako hakuna tabasamu lolote ndani yake, ni kama watu wawili walioshika ncha mbili za mzigo mmoja. Walitazamana hivyo.

"Tunatoa maji," Anderson akasema. "Karibu nusu. Nina madumu matatu ya maji mapya kwenye gari, hayatoshi kujaza, na chumvi itakuwa bado kali. Inabidi kuipunguza kwa maji yasiyo na chumvi, ya mvua. Kikombe kwa kikombe, polepole, ukiwashtua wanakufa wote."

"Maji ya mvua yako kwenye mtungi."

"Yako kiasi gani?"

"Ya kunywa mjomba akifika tu," Severina akasema, na hilo ndilo lilikuwa jibu.

Ndoo ya kwanza aliibeba Anderson, akaimwaga barabarani, mbali na mbaazi za mama zisije zikafa kwa chumvi. Severina alisimama mlangoni akaisikia ardhi inavyoyanywa yale maji, chwaa, mara moja, na mwili wake ukasisimka kama aliyemwagiwa yeye. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama kabisa, akatazama ile alama ya unyevu, akamtazama Anderson, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

Ndoo ya pili Severina aliomba aibebe mwenyewe. Aliifikisha mpaka barabarani. Akafumba macho. Akamwaga. Zilizofuata wakapokezana, mpaka tangi likafika karibu nusu.

Samaki wawili zaidi walikuwa wamekufa tangini. Anderson akawatoa bila kusema, akawaweka kwenye kikaango cha zamani, akakisogeza pembeni. Wakamimina maji ya madumu. Kisha Severina akaenda kwenye mtungi, akafunua kifuniko, na mama yake akatokea nyuma yake.

"Severina. Hayo ni maji ya kaka yangu."

"Najua, mama."

"Anakuja na baiskeli kutoka Makote kwenye jua hili. Kitu cha kwanza mgeni anapewa nini? Hata habari haulizwi kabla hajanywa. Nitamwambia nini, nimempa nani?"

"Nitamwambia mimi."

"Nenda kaombe kwa Sikudhani basi, hata kikombe."

"Mama, asubuhi amesema hana hata ya kunawa. Mchana huu mwenyewe anateremka bondeni na wenzake."

Mama Severina akakaa kwenye kigoda. Akashika shavu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na Severina akachota kikombe cha kwanza. Akakitia tangini taratibu, ukingoni, kama anavyopewa uji mtoto mgonjwa. Akasubiri. Cha pili. Akasubiri. Anderson alikuwa anatazama kipimo, anamwonyesha kwa kidole, bado, ongeza, ngoja. Vichwa vyao vilikuwa vimekaribiana sana juu ya maji, akawa anasikia pumzi zake, na hata hivyo hapakuwa na nafasi ya kufikiri mapenzi. Mtungi ulipoanza kutoa sauti ya kukwangua, alijua wamefika chini.

Na nje kengele ya baiskeli ikalia.

Mjomba Dastani aliingia akiwa amevua kofia, shati limeganda mgongoni. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa kuongea kidogo. Severina akapiga magoti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Hamjambo?"

"Hatujambo, mjomba."

Anderson naye akaamkia, akaitikiwa. Mjomba akakaa kwenye kiti alichowekewa, akanyoosha miguu, akafuta shingo, kisha akamtazama dada yake, akasema kwa lugha ya nyumbani, neno moja tu: "Medi."

Maji.

Mama Severina akatazama chini. Mjomba akawatazama mmoja mmoja.

"Kuna nini? Nimekuta msiba?"

"Maji hayapo, mjomba," Anderson akasema. "Yalikuwepo, yamewekwa kwa ajili yako. Yameingia humu."

"Humu wapi?"

"Kwenye tangi."

"Ni mimi niliyeyatia," Severina akasema haraka. "Kwa mkono wangu. Mama alinikataza."

Mjomba akainuka polepole, akaenda kwenye tangi, akainama. Alitazama muda mrefu. Mmoja wa wale wekundu alikuwa amejificha kwenye jiwe. Kitatange mdogo, wa mwezi uliopita, alikuwa anaogelea upande upande. Ua lilikuwa bado ngumi. Kisha mjomba akaona kikaango pembeni.

"Hawa?"

"Wamekufa," Anderson akasema.

"Wangapi kwa jumla?"

Mama Severina akakohoa, kikohozi cha mtu anayemwashiria mwenzake anyamaze. Anderson alikisikia. Severina aliona alivyokisikia.

"Watatu, mjomba. Na sijui kama hawa waliobaki watafika jioni. Niliweka wengi kuliko maji yanavyobeba. Nilitaka nikufurahishe."

"Na mimi sikubadilisha maji," Severina akasema. "Niliambiwa nimwage, sikumwaga. Kosa kubwa ni langu."

"Uliambiwa umwage maji, ukakataa?"

"Ndiyo, mjomba."

"Nani aliyekufundisha kutomwaga maji?"

Severina akainua macho. "Wewe, mjomba."

Kitu kikatikisika kwenye mdomo wa mzee, lakini hakikufika kuwa kicheko. Akarudi kitini. Nje honi ya pikapu ikalia, ndefu, na sauti ya Mahmudu ikafuata: "Ande! Gari limejaa, twende zetu! Mzungu wako hasubiri, na hawa samaki wako kwenye mifuko watachemka!"

Severina akamtazama Anderson. Anderson alikuwa anamtazama mjomba.

"Unaitwa," mjomba akasema.

"Nimesikia."

"Mimi nina kiu."

Akafumba macho, akaegemeza kichwa ukutani, kama mtu aliyemaliza kusema yote aliyokuja kusema. Anderson akasimama hapo kidogo, mikono yake bado inachuruzika maji ya chumvi. Akabeba mifuko ya samaki wapya. Akatoka.

Severina akainuka amfuate.

"Kaa," mjomba akasema, macho yamefumbwa.

"Mjomba, naomba nikamwambie..."

"Kaa, mama. Na wewe dada, kaa. Hakuna wa kumsindikiza."

Akakaa. Kutoka hapo alipo, dirisha lilikuwa linaonyesha mbaazi na kipande cha anga, basi. Akasikia sauti ya Anderson, ya chini, haikushikika. Akasikia Mahmudu anapaza sauti: "Una wazimu wewe? Mzungu ataandika mvuvi mwingine kesho asubuhi!" Au alisema, "Una wazimu, panda, asije akaandika mwingine"? Hakuwa na hakika. Mlango wa gari ukabamizwa. Injini ikanguruma, ikapanda, ikaondoka, na Severina akaifuata kwa masikio mpaka ilipopinda kwenye njia ya Mtwara, ikawa nyembamba, ikaisha.

Hakuna aliyepiga hodi.

"Amekwenda," akasema, si kwa mtu yeyote.

Mama yake akamshika goti. Mjomba hakufumbua macho.

Muda ukapita. Kivuli cha dirisha kikatambaa sakafuni mpaka kikafika miguuni pa mjomba. Severina alikuwa anajaribu kumkasirikia Anderson, apate kitu cha kushika, lakini hasira haikuja. Alikuwa anajiambia, ni kazi yake, angefanyaje, mtu hawezi kuacha mkate kwa ajili ya mtungi mtupu. Halafu anajiambia, angeniaga basi. Hata kwa mkono tu, dirishani.

"Mjomba," akasema mwishowe. "Kama ulitaka kumkataa, si ungemkataa siku ile ile?"

Mzee akafumbua macho. "Sikutaka kumkataa."

"Sasa?"

"Mama yako alikuwa na dada, unamjua kwa jina tu. Flora. Alichukuliwa na mtu wa reli. Mtu mzuri, mcheshi, zawadi kila siku. Akampeleka huko na huko, Tabora, Kigoma, wapi. Tukapata habari kwamba amefariki, alikuwa ameshazikwa mwaka mzima. Mimi ndiye mjomba wa watoto wake. Siwajui sura." Akafuta mdomo mkavu. "Samaki wa rangi sina haja nao. Nilitaka kumjua mtu ambaye mambo yakiharibika atakuwepo."

Severina akageukia tangi ili wasimwone uso. Kule ndani, maji yalikuwa yameanza kung'aa. Kidole kimoja cha lile ua kilikuwa kimejinyoosha, kimoja tu, kinayumba yumba kwa mapovu. Alikitazama bila furaha. Bahari ilikuwa inapona, na mwenye nayo hayupo.

Ndipo kelele zikatokea kwa mbali upande wa njia ya bondeni. Kelele za wanawake, vicheko vya mtu kushindwa kutembea, na juu ya wote sauti ya Sikudhani.

"Shingo, baba, nyoosha shingo! Usitembee kama kuku aliyenyeshewa! Jamani, hebu tizameni, yote yameishia kwenye suruali! Mama Severina! Mama Severina, toka uone vioja! Ametupita kwenye mteremko, kule chini anajidai dume, sasa tumembeba kwa maneno tu mpaka hapa!"

Severina alikuwa ameshasimama. Mjomba hakumwambia kaa.

Anderson akaingia ameinama mlangoni ili ndoo isigonge juu. Alikuwa ameloa kuanzia nywele hadi magotini, vumbi jekundu limekuwa tope kwenye shati na mikono, ngata ya kichwani aliyoazimwa na wanawake imemteleza mpaka sikioni. Kichwani ndoo ya kuazima, na juu ya maji tawi la majani walilomwekea ili yasiruke. Shingo ilikuwa imekakamaa, hakuweza hata kugeuka kumtazama Severina. Alimtazama kwa pembe ya jicho tu, na jicho lenyewe lilikuwa jekundu.

Akapiga magoti mbele ya mjomba. Severina na mama yake wakamsaidia kuitua ndoo. Mikono ya Severina ikapita juu ya mikono yake, ikaikuta baridi, na akaishikilia zaidi kuliko ilivyohitajika.

Mjomba akaondoa lile tawi. Akachungulia ndani.

"Nusu," akasema.

"Yamemwagika, mjomba." Anderson alikuwa bado anahema. "Sijawahi kujitwika. Nimeanguka mara mbili. Naomba..."

"Nimeona ni nusu."

Sikudhani alikuwa amebana kichwa chake dirishani. Mzee akanyoosha mkono bila kugeuka, na mama Severina akamwekea kata mkononi. Akachota. Akanywa taratibu, koo likipanda na kushuka, mpaka akaimaliza. Akachota tena, akanywa. Kisha akajifuta mdomo kwa kiganja, akaweka kata juu ya ndoo.

"Nusu inatosha mzee mmoja," akasema. "Kesho utaleta nzima."

Akasimama, akachukua kofia yake, akatoka nje kuitazama baiskeli, kana kwamba amesema jambo la mvua au la korosho.

Anderson alikuwa bado amepiga magoti. "Seve," akanong'ona. "Amesema kesho?"

Severina akaitikia kwa kichwa. Akaingia jikoni haraka kama mtu anayetafuta kikombe, na kutoka huko akamsikia Sikudhani dirishani anampigia Anderson vigelegele.